Weupe kwenye majani ya juniperi: kisa cha bonsai moja ya Goma

Mtaa, majina na alama zote za kumtambulisha mwenye mti zimeondolewa. Vipimo na mfuatano wa mambo vimebaki kama vilivyokuwa.

Mti, mahali na maji yake

Mti ni bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo chunguni: juniperi ya Kichina (Juniperus chinensis), aina ya Shimpaku, urefu wa sentimita 35 juu ya ukingo wa chungu. Matawi matano yalikuwa bado yamefungwa waya wa alumini wa rangi ya kahawia, wa kuyapa umbo. Chungu ni kipana na kifupi: ndani kina sentimita 30 kwa 22, kina chake sentimita 6, yaani kama lita 4. Badala ya udongo kimejazwa kokoto za lava zilizochekechwa, za milimita 3 hadi 6, pamoja na mboji kidogo. Kokoto hizo Goma hazina shida kupatikana. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wanaivunja na kujengea hadi leo.

Mti unakaa kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu na Ziwa Kivu, unapata jua la asubuhi na kivuli mchana. Anayeutunza kila siku ni mtunza bustani. Mwenye mti huuangalia jioni.

Maji ndiyo kiini cha kisa hiki. Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Goma hutoka ziwani, yawe ya bomba au ya bidoni za lita 20 zinazopandishwa mlimani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 9 na takriban gramu 1 ya chumvi katika kila lita. Chumvi hizo nyingi ni bikaboneti za magnesi, sodiamu na potasiamu. Kalsiamu ni kidogo. Mtu anayejua magadi ataelewa upesi: ni maji yenye tabia ya magadi, ingawa ladha yake haikufichulii hivyo.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mwanzoni mwa Juni mvua zilikatika. Mwenye mti alikuwa amesikia kwamba juniperi hupenda majani yake yalowe, akaagiza mti upuliziwe maji asubuhi na jioni, mililita 300 kila mara. Pampu ilijazwa maji ya bomba.

Wiki ya mwisho ya Juni ncha za majani zilianza kuwa nyeupe. Kwanza upande wa juu, halafu upande wote uliokuwa ukielekea pampu. Kutoka mbali mti ulionekana kama umemwagiwa unga wa muhogo.

Tarehe 5 Julai kijitawi kimoja kilipelekwa kwenye duka la dawa za kilimo. Muuzaji alikitazama kidogo akasema: «Mama, hii ni ugonjwa ya majani, shampinyo. Pulizia kila siku saba.» Shampinyo ni kuvu, naye alidhani ni ubwiri unga. Akauza unga wa mancozeb, dawa ya kuvu, ule ule wanaopulizia viazi na nyanya. Ulichanganywa gramu 2.5 kwa lita ya maji ya bomba, ukapuliziwa tarehe 5 na tarehe 12. Weupe haukupungua. Uliongezeka utando wa manjano hafifu juu yake.

Tarehe 15 Julai ilijaribiwa sabuni ya mche iliyokwanguliwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita, katika maji yale yale. Kesho yake majani yalikuwa na mabonge madogo ya kijivu yanayonata, na vumbi la barabara likashika hapo.

Aliyeugeuza mwendo ni mtunza bustani. Akiwa anazungusha chungu aliona waya nao una pete nyeupe, zenye umbo la tone kabisa. Akauliza: «Mama, hata waya nayo inagonjwa?» Swali hilo ndilo lililofanya mti upelekwe kuchunguzwa tarehe 19 Julai badala ya kupuliziwa mancozeb mara ya tatu.

Uchunguzi wa tarehe 19 Julai

Kwa juniperi, kitu cheupe kinaweza kuwa mambo mengi, na kila moja lina dawa yake. Waliochunguza waliyapanga hivi, wakianza na yale yanayoweza kuondolewa kwa macho tu.

Nta ya asili. Majani ya juniperi yana mistari myeupe ya nta pale penye vitundu vya kupumulia, hasa kwenye majani ya sindano. Mistari hiyo hufanana kwenye kila jani la umri mmoja na hukaa upande ule ule. Hapa weupe ulikuwa juu ya kila kitu bila mpangilio wa jani. Haikuwa nta.

Ubwiri unga. Huu ni ugonjwa wa mimea ya majani mapana, mboga na nafaka. Juniperi si mahali pake. Dhana hii ndiyo iliyokula wiki mbili na fedha, na ingeondolewa dukani kama mtu angeuliza mti ni wa aina gani.

Vidugamba na vidung'ata. Kidugamba cha juniperi ni ngao ndogo ya duara, kama milimita 1 hadi 1.5, nyeupe yenye kitone cha njano katikati. Ukiifunua kwa ncha ya sindano unakuta mwili laini chini yake. Vidung'ata ni kama pamba kwenye mapacha ya vijitawi, na mara nyingi huacha utomvu mtamu unaoleta masizi. Kwa kioo cha kukuza mara 10, vijitawi kumi na viwili vilikaguliwa. Hakuna ngao, hakuna pamba.

Majivu ya volkano. Majivu ya huku ni ya kijivu hadi meusi, hukwaruza kidole na hayayeyuki kwenye siki.

Dawa ya chokaa na salfa, inayopakwa kwenye mbao kavu za bonsai ili ziwe nyeupe, huchuruzika na kutia madoa. Mti huu haukuwahi kupakwa.

Ikabaki chumvi ya maji, na hii ina vipimo vyake. Cha kwanza kilifanywa juu ya bamba la kioo lililowekwa kwenye kitambaa cheusi: kijiko kimoja cha maji ya bomba upande huu, kijiko kimoja cha maji ya mvua upande ule, vyote vikaachwa juani mpaka vikauke. Cha bomba kiliacha pete nyeupe nene yenye punje pembeni. Cha mvua kiliacha alama ya vumbi tu. Mtu yeyote anaweza kukifanya kabla hajanunua dawa yoyote.

Cha pili kilikuwa siki. Vijitawi vitatu vilikatwa, kila kimoja urefu wa sentimita 3. Kimoja kiliwekwa katika siki ya mezani ya asilimia 5, kimoja katika maji ya mvua, cha tatu kikaachwa kikavu cha kulinganishia. Chini ya kioo, kile cha siki kilitoa vipovu vidogo kwenye ncha za majani, vikipanda kimoja kimoja, na baada ya dakika 10 kijani kilikuwa kimejitokeza. Kile cha maji ya mvua kilipoteza weupe kiasi tu, sehemu ya sodiamu inayoyeyuka upesi, na ukoko wa magnesi na kalsiamu ukabaki. Tone la siki kwenye waya nalo lilitoa vipovu.

Mwisho, maji yaliyotoka chini ya chungu yalipimwa kwa karatasi ya pH: kati ya 8 na 8.5. Ncha mpya zilikuwa zimepauka njano. Huo haukuwa weupe wa juu. Ni mizizi kukosa madini ya chuma, maana chuma hufungika pale pH inapopanda.

Maamuzi na sababu zake

Kupulizia maji majani kulisimamishwa siku ile ile. Hesabu ilikuwa nyepesi: mililita 600 kwa siku, siku 49, ni zaidi ya lita 29, maana yake karibu gramu 29 za chumvi zilizopita juu ya mti mmoja mdogo. Nyingine zilikauka kwenye majani, nyingine zilidondoka chunguni. Juniperi haihitaji hayo. Inakunywa kwa mizizi, na Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari na kando ya ziwa, si mahali pa hewa kavu sana.

Maji ya mvua yaliyobaki nyumbani yalikuwa lita 60, ndani ya pipa moja. Kila uamuzi ulipimwa kwa lita hizo.

Tarehe 19, mfuko wa plastiki ulifungwa kuzunguka shina ukafunika kokoto, chungu kikainamishwa, majani yakaoshwa taratibu kwa lita 5. Mfuko ni wa lazima: bila huo unahamisha chumvi kutoka majani kwenda mizizi. Kisha mfuko ukaondolewa na kokoto zikasafishwa kwa lita 12, mara tatu ya ujazo wa chungu, zikimiminwa kwa awamu nne zenye mapumziko ya dakika 15. Maji ya mwisho kutoka chini yalionyesha pH 7.5.

Siku hiyo hiyo tawi moja la nyuma lilijaribiwa siki: mililita 15, yaani kijiko kimoja cha mezani, katika lita 1 ya maji ya mvua. Baada ya saa 48 halikuwa na jani lililoungua. Ndipo mti wote ukafanyiwa tarehe 21 Julai, alfajiri, kivulini. Mchanganyiko ulipuliziwa mpaka ukachuruzika, ukaachwa dakika 10, majani yakapitishwa mswaki laini wa mtoto, yakaoshwa kwa lita 5 za mvua. Mswaki huenda kutoka shina kuelekea ncha, siku zote. Majani ya Shimpaku yamelaliana kama magamba ya samaki. Ukisugua kinyume unayainua na kuyavunja, na majeraha huonekana kahawia baada ya wiki.

Kwa nini siki kidogo hivyo? Kwa sababu ukoko ni mwembamba, na asidi kali huondoa pia nta inayolinda jani. Ni bora mara tatu za upole, kila baada ya siku tano, kuliko mara moja ya nguvu.

Kumwagilia mizizi kulipangwa kwa mchanganyiko: sehemu 1 ya maji ya bomba kwa sehemu 6 za mvua. Maji ya ziwa yana uwezo wa kumeza asidi wa takriban milimoli 13 kwa lita (milimoli ni kipimo cha kiasi cha kemikali). Kwa mimea ya chunguni inafaa isizidi 2 hivi. Ukigawa 13 kwa 7 unapata chini ya 2. Jirani alipendekeza kuchemsha maji ya bomba ili kuondoa chokaa. Ushauri huo unafaa pale maji yana kalsiamu nyingi. Kwa maji ya Kivu sodiamu na sehemu kubwa ya magnesi hubaki ndani ya maji, na pH hupanda zaidi.

Mara ya pili ya siki, tarehe 26 Julai, ilienda vizuri. Ya tatu, tarehe 31, haikuondoa chochote. Mtunza bustani alikuwa ameona pipa limebaki lita 18 tu, akataka kuziokoa, akachanganya siki katika maji ya bomba. Nia yake ilikuwa njema, na kosa hili linafaa kuelezwa kwa tarakimu. Kijiko kimoja cha siki ya asilimia 5 kina gramu 0.75 za asidi asetiki, sawa na milimoli 12.5. Lita moja ya maji ya ziwa ina uwezo wa kumeza kama milimoli 13. Asidi yote ilikwisha ndani ya ndoo kabla haijagusa jani. Karatasi ya pH ilionyesha 6, wakati mchanganyiko wa maji ya mvua ulikuwa umeonyesha kati ya 3 na 4. Kesho yake kazi ilirudiwa kwa maji ya mvua, na ukoko ukatoka.

Sababu ya pili, iliyochelewa kuonekana

Tarehe 3 Agosti mti ulikuwa wa kijani kwa nje, lakini ndani, karibu na shina, vijitawi vilikuwa vinageuka rangi ya shaba. Wote walidhani ni mabaki ya chumvi. Ndipo karatasi nyeupe ilipowekwa chini ya tawi la kushoto, tawi likagongwa mara tatu kwa kalamu. Vitone vilivyodondoka viliachwa kidogo. Baadhi vikaanza kutembea. Vilipobonyezwa kwa kidole viliacha mstari wa kijani na kahawia. Vilihesabiwa 22 kwenye tawi hilo moja. Kwa kioo, katikati ya majani ya ndani, palikuwa na nyuzi nyembamba kuliko za buibui wa nyumbani na maganda meupe matupu: ngozi ambazo utitiri, kijidudu kinachofyonza majani, huzivua anapokua.

Kwa hiyo weupe wa mti huu ulikuwa wa aina mbili. Ule wa nje ulikuwa chumvi. Ule mdogo wa ndani ulikuwa maganda ya utitiri, na hayo siki haiyatambui.

Mafuta ya kupulizia yalifikiriwa yakaachwa, kwa kuwa juniperi nyingi hazivumilii mafuta na mti huu ulikuwa umeshaondolewa sehemu ya nta kwa siki. Salfa nayo iliachwa, majani yalikuwa tayari yamepitia dawa tatu ndani ya mwezi. Uliamuliwa mkondo wa maji wenye nguvu, kutoka chini kwenda juu na ndani ya mti, kila baada ya siku tatu, mara tano. Lakini maji ya mvua hayakutosha. Njia iliyopatikana ni hii: kupiga mkondo kwa maji ya bomba, mfuko ukiwa juu ya kokoto, kisha mara hiyo hiyo kabla majani hayajakauka kumalizia na lita 1 ya maji ya mvua. Tone linalokauka ndilo linaloacha alama. Likiwa tone la mvua la mwisho, hakuna alama. Jirani mwenye pipa alitoa bidoni mbili kwa ajili ya kumwagilia.

Matokeo

Baada ya mkondo wa tano, tarehe 15 Agosti, karatasi ilihesabu 3. Mwisho wa Agosti hapakuwa na anayetembea. Tawi la chini la kushoto lilikauka lote na likakatwa.

Mvua ziliporudi Septemba ncha mpya zilitoka na kijani cha kawaida, pasipo umanjano. Kwenye mikunjo ya majani ya zamani weupe kidogo ulibaki. Uliachwa makusudi: majani hayo yataanguka yenyewe, na kuyakwangua kungeumiza mti kuliko chumvi yenyewe.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kutazama vitu visivyo na uhai vilivyo karibu. Waya, ukingo wa chungu na meza vyote vilikuwa na pete zile zile. Ugonjwa wa jani hauoti kwenye alumini. Pia mahali weupe ulipokaa palisema kitu: maji huning'inia kwenye ncha ya jani, hukauka hapo, na chumvi hubaki hapo. Watunzaji wengi wanaona ncha nyeupe wanashtuka kwa sababu ncha ndiyo sehemu inayokua, kumbe ni mahali tu ambapo tone huishia.

Mancozeb ilidhuru kwa njia mbili. Ilipaka rangi ya tatu juu ya tatizo, hata ikawa vigumu kusoma majani. Na inajulikana kuua utitiri mlaji, wale wanaokula utitiri waharibifu. Huenda ndiyo iliyowapa wale wa tawi la kushoto nafasi ya kuzaana katika kiangazi chenye vumbi. Haiwezi kuthibitishwa kwa mti mmoja, lakini mpangilio wa tarehe unalingana. Sabuni ya mche katika maji yenye magnesi haisafishi, inaganda na kuwa utando, ule ule unaobaki kwenye beseni la kufulia.

Kosa zito zaidi ni la waliochunguza, na lilitokea baada ya kufaulu. Vipovu vya siki vilipoonekana, utafutaji ulikoma. Kugonga tawi juu ya karatasi huchukua dakika moja, na kulikuwa kwenye orodha yao, lakini hakukufanywa tarehe 19 kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana. Wiki mbili zilipotea, na tawi moja pamoja nazo. Siki ilithibitisha kwamba chumvi ipo. Haikusema kwamba hakuna kingine.

Kuhusu maji ya mvua ya Goma, tahadhari moja. Moshi wa Nyiragongo hubeba gesi zinazofanya mvua kuwa na asidi, na mabati ya zamani huachia zinki. Dakika 20 za kwanza za mvua baada ya kiangazi humwagwa, halafu ndipo pipa hufunguliwa. pH ikiwa chini ya 4.5, kikombe kimoja au viwili vya maji ya ziwa kwa bidoni ya lita 20 huirekebisha, na hapo magadi ya ziwa yanakuwa msaada.

Barazani sasa kuna mapipa matatu ya lita 200 na miti mitano ya bonsai. Kila mti hunywa lita 1 kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni lita 450, ambazo 386 ni za mvua na 64 za bomba. Zinabaki zaidi ya lita 200 za kuoshea. Karatasi nyeupe imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na matawi hugongwa kila Jumamosi.